Nilinunua Kitalu, Maji Yakabaki

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuanzisha biashara hata moja. Kila nilichokimiliki kilikuwa kimeanzishwa na mtu mwingine, kikazoeleka, kikachoka kidogo, ndipo nikakinunua. Vijana wa kikundi chetu cha hapa Lushoto, ambao nao wameanza kununua mashine, vibanda na karakana za watu wanaopumzika, wameniomba niandike jinsi kazi hii inavyokwenda. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nilipata faida kiasi gani. Faida ya mtu mwingine haifundishi kitu. Huamsha wivu, au dharau ikiwa ni ndogo. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na biashara moja iliyokaribia kuniangusha, yaani kitalu cha miche ya mboga kule bondeni upande wa Lukozi.

Niliishia darasa la saba, nikashuka Soni kutafuta kazi. Nilichopata ni kibarua kwenye mashine ya kusaga ya Bi Zaina, mjane aliyeachiwa mashine hiyo na mumewe. Watu walimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa hacheki. Siku ya kwanza alinipa ufagio.

"Mashine nitaigusa lini, mama?" nilimuuliza.

"Ukishajua nani anakuja na nini."

"Si wote wanakuja na mahindi?"

"Fagia."

Nilifagia kwa wiki kadhaa, na nikiwa na ufagio mkononi niligundua kwamba swali langu lilikuwa la kijinga. Wapo waliotaka dona na wapo waliotaka kukoboa kwanza. Wapo waliokuja na muhogo mkavu, na hao walisagiwa mwisho ili unga wao usiharibu wa wenzao. Mpishi wa shule alifika asubuhi sana kwa sababu hakutaka kukutana na foleni. Akina mama wa vijiji vya juu walikuja siku ya soko, wakaacha ndoo zao kwenye mstari, wakaenda kuuza vitu vyao, wakarudi alasiri. Ndoo ilikuwa na heshima ya mwenyewe: ukiirudisha nyuma, umemrudisha yeye nyuma. Kijana aliyenitangulia alifukuzwa kwa kosa hilo, si kwa wizi kama mtaani walivyodai.

Baadaye nikafundishwa mashine yenyewe. Unga ukitoka wa moto na wenye chembe, nyundo zimechoka, zigeuze upande wa pili kabla ya kununua nyingine. Chekeche likitoboka utajua kwa macho ya mteja kabla ya kuliona tundu. Mkanda ukianza kunuka, zima, usisubiri umalize gunia. Mambo ya hesabu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya sekondari vilivyoachwa na mpangaji mwenzangu aliyehama, na kwa kumsumbua mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na subira kuliko afya. Nilisoma polepole. Nilirudia kila ukurasa mpaka niweze kuueleza kwa sauti nikiwa natembea, na watu wa Soni walishazoea kuniona nikiongea peke yangu barabarani.

Miaka ilipita, magoti ya Bi Zaina yakaanza kumsumbua. Watoto wake walikuwa Tanga mjini na hawakutaka vumbi la unga. Asubuhi moja aliniita kabla sijawasha injini.

"Yohana, mashine nauza. Nimuuzie yule mtu wa Mombo aing'oe aende nayo, au nikuuzie wewe?"

"Mama, mimi sina hela."

"Sijakuuliza kama unayo."

Aliniuzia kwa jasho langu. Kila mwezi sehemu ya mshahara ilibaki ndani ya mashine, nayo ikahesabiwa kuwa yangu, mpaka ikafika siku hakukuwa na kilichobaki cha kwake. Lakini jambo ambalo sikulielewa kwa wakati huo ni alilofanya kabla ya kuniachia funguo. Alichukua mkongojo wake, akanizungusha kwa mpishi wa shule, kwa wenye migahawa, kwa akina mama wa vijiji vya juu waliokuwa na jina sokoni. Kila mahali alisema maneno yale yale: "Mwenye mashine sasa ni huyu. Akiwapunja, njooni kwangu." Mimi nilidhani ni mapenzi ya mzazi. Ilikuwa ndiyo mauziano yenyewe. Chuma kile mtu wa Mombo naye angekipata.

Tangu hapo nikawa na utaratibu. Kabla ya kununua chochote nilinunua kwanza chai jirani yake. Nilikuwa na kigoda changu cha kukunja, nilikaa mahali ambapo sipo njiani, na nilitazama. Nani anaingia, anatoka na nini, anarudi tena baada ya muda gani. Sikumuuliza mwenye biashara swali lolote mpaka nimeshajua nusu ya majibu. Utaratibu huo uliniokoa Magoma, kule chini tambarare, ambako bwana mmoja alikuwa akiuza mashine ya kukoboa mpunga. Siku niliyofika foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Nikakaa na kigoda changu. Alasiri nikaona mama mmoja mwenye ndoo ya njano, ambaye asubuhi alishakoboa akaondoka, amerudi tena na ndoo ile ile kwenye mstari.

"Mama, una mpunga mwingi mwaka huu," nikamwambia.

"Mpunga wa shemeji," akasema, akimtazama mwenye mashine. "Na mimi nimechoka kuubeba. Ukishanunua utatuambia twende nyumbani?"

Nikakunja kigoda nikapanda milima kurudi kwetu. Yule bwana sikumchukia. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa kwamba mtu hununua foleni, tatizo ni kwamba ya kwake ilikuwa ya kuazima.

Baada ya mashine nilinunua kibanda cha kutengeneza mabomba ya kupulizia dawa mashambani. Fundi wake alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya, mimi niliongeza adabu tu na kikaenda. Ni kupitia kibanda hicho ndipo nilipowafahamu wakulima wa mabonde ya juu, na kupitia wao nikasikia kwamba Mzee Kaniki anauza kitalu.

Kitalu cha Mzee Kaniki kilijulikana mpaka kwa watu wasiolima. Alisia kabichi, nyanya, hoho na koliflawa, na miche yake ilitoka na shingo nene, haianguki ikipandikizwa. Wakulima waliweka oda kabla hata ya kulima. Mzee alikuwa amechoka mgongo na alitaka kuhamia kwa binti yake Zirai, upande ule wa pili wa milima. Nilifanya kila nilichojua kufanya. Nilikaa na kigoda. Nilichimbua udongo nikaunusa, nikakagua trei na neti za kivuli, nikaongea na akina mama wawili waliokuwa wakisia mbegu pale kwa miaka mingi, nao wakakubali kubaki. Nilimwomba mzee anizungushe kwa wateja, akanizungusha wote, mpaka wa Malindi yetu ya milimani. Nilitazama mfereji ukileta maji Jumatano baada ya Jumatano, ndiyo siku ya kitalu, nikaweka ndoo nikapima yanajaa kwa kasi gani. Tena niliuliza.

"Na maji, mzee?"

"Maji yapo," akasema.

Tukaandikiana mbele ya mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Nilikuwa nimeuza kibanda cha mabomba ili kutimiza bei. Kitalu kisingesimama, ningebaki na mashine moja iliyoanza kuzeeka, na jina la mtu aliyeua miche ya Mzee Kaniki. Kwa watu wanaoishi kwa kabichi, jina hilo huwezi kulifuta.

Haukupita muda ikatangazwa siku ya kuchimba mfereji. Kabla ya kiangazi kushika, wote wanaotumia maji hukutana kuanzia kwenye banio kule juu, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, huondoa matope, majani na mawe yaliyoporomoka, na kuziba palipotoboka. Siku hiyo hiyo beringi la mashine ya Soni lilivunjika, na magunia ya shule yalikuwa yanasubiri. Nikatafuta mtu wa kwenda kuchimba kwa niaba yangu. Nikapewa jina la Salehe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kibarua anayesifiwa kwa jembe, anayeishi na mama yake chini kidogo ya kitalu. Nikampa ujira wa juu kuliko unaotolewa. Nilitaka watu waone kwamba mgeni hakuleta mtu mvivu.

Hakuwa mvivu. Waliniambia alichimba kipande chake na nusu ya kipande cha jirani.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kitaluni mapema. Akina mama walikuwa wamesafisha mlango wa kuingizia maji na kusimama na majembe tayari. Maji yakaja mferejini, mengi, safi kabisa. Yakafika kwenye mlango wetu. Yakapita. Nikashuka nikiyafuata pembeni, nikakuta yameelekezwa kwenye shamba la viazi la mama yake Salehe, na Salehe mwenyewe yumo ndani, suruali imekunjwa, anayatawanya kwa jembe.

"Salehe, hayo maji ni ya kitalu."

"Hata mimi nilidhani hivyo, kaka," akasema. "Nenda kwa Mama Upendo. Mimi nimeambiwa tu nimwagilie."

Mama Upendo alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Mkulima wa kabichi, rika langu, mwanamke wa kuongea huku anafanya kazi. Nilimkuta anapalilia na hakuacha.

"Nilileta mtu," nikamwambia. "Nikamlipa. Amechimba."

"Amechimba vizuri sana. Ndiyo maana nikamtaja."

"Lakini alikuja kwa niaba yangu."

"Mfereji huu hauna niaba, Baba Neema," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Una aliyechimba."

"Kwetu Soni ukituma mtu ni sawa na kwenda mwenyewe."

"Kwenu Soni maji yanatoka bombani na bado mnalalamika. Hapa ni hapa."

Alinieleza akiwa anasogea na mstari wake, nami nikisogea naye. Zamani wenye maduka ya mjini walikuwa na mashamba bondeni. Walituma vibarua kuchimba, wakachukua zamu zote, na wale waliochimba walikwenda nyumbani kwenye mashamba makavu. Wazazi wao wakakaa wakaamua: zamu ni ya mikono iliyoshika jembe, inatajwa jina lake pale pale kazi ikiisha, mbele ya watu. Haiuzwi, haikodishwi, hairithiwi. Mwaka ambao hukuchimba, huna. Mzee Kaniki alikuwa amechimba kila mwaka mpaka mgongo ulipokataa, na hata hapo alikuja akang'oa majani kwa kukaa chini.

"Angeniambia," nikasema.

"Ulimuuliza?"

Nikampigia simu mzee kule Zirai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kabichi zinaendeleaje?"

"Hazina maji, mzee. Nilikuuliza kuhusu maji ukasema yapo."

"Kwani hayapo?"

"Yapo. Yanapita."

Nilisikia kuku nyuma yake. "Umetuma mtu kuchimba," akasema. Hakuuliza. "Pole sana, mwanangu. Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa huku."

"Ndiyo. Ni kweli. Wa huko."

Sikuwa na la kumshitaki. Alinizungusha kwa wote niliowataka, na niliowataka walikuwa wanunuzi tu. Wale wanaonisaidia kupata cha kuuza, majirani wa maji, sikuomba kuwaona. Bi Zaina hakunifundisha hilo kwa sababu mashine ya kusaga haimwombi jirani kitu.

Wale akina mama wawili walianza kubeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni, chini kabisa, nami nikabeba nao. Kwa kitalu kile ilikuwa sawa na kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Hoho zilianza kujikunja. Wakulima walikuwa wameshalima mashamba yao wakisubiri miche, na mtu akikosa miche kwa wakati amekosa msimu mzima, ada ya mtoto imo humo. Mmoja alipita akatazama trei, akanisalimia kwa heshima zote, akaondoka bila kuuliza kitu. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Nikaenda kwa Salehe. Alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi na mama yake.

"Karibu, bosi wa kitalu kikavu," akasema.

"Salehe," mama yake akamkemea, "mtu kaja na shida, we unamtania?"

"Namkaribisha, mama. Huyu ndiye aliyetupa maji."

Nilimsalimia mama shikamoo, nikakaa, nikapewa nami hindi la kupukuchua. Nikasema nilichokuja nacho: nitamlipa kila wiki aachie maji yaingie kwangu.

"Nikikukodisha, Mama Upendo ataninyang'anya, na atakuwa na haki," Salehe akasema. "Tena atanitaja mbele ya watu. Mimi kutajwa mara moja kumenitosha."

"Ulijua? Siku ile nilipokupa kazi?"

"Ningejua ningekuja bure." Akacheka, kisha akaacha. "Sikujua kama kibarua naye anahesabiwa, kaka. Mimi huchimba mifereji ya watu, nalipwa, naondoka kabla ya majina. Siku ile walikuwa na makande, nikabaki kula. Nikasikia Salehe, Jumatano. Nikageuka kumtafuta huyo Salehe ni nani."

Mama yake akasema kwamba baba wa Salehe aliwahi kuwa na zamu, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Amani, akaikosa, na shamba lao halikuwa limeona maji ya kiangazi tangu Salehe anatambaa. Alisema bila kulalamika. Alikuwa anaeleza tu kwa nini hawezi kumwambia mwanawe aniachie.

Tukapukuchua. Halafu Salehe akaniuliza, "Eti ni kweli Bi Zaina alikuuzia mashine huna kitu?"

"Ni kweli."

"Alikuuziaje?"

Nikamweleza, sehemu ya mshahara ikibaki ndani mpaka mashine ikawa yangu.

"Basi niuzie hivyo hivyo. Maji nayaelekeza mimi, yaingie kitaluni kwanza, yakitoka yashuke kwa mama. Yanapita njia ile ile, hakuna atakayesema nimekodisha. Mimi nafanya kazi kitaluni kwako, na kila mwezi kipande kinabaki ndani. Siyo chote. Nusu ikifika, inasimama hapo. Tunakuwa wawili."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakuonea huruma. Lakini viazi vya mama vitapendeza."

Nilikuwa na kanuni ya kutokubali jambo lolote siku lilipotajwa. Siku hiyo niliivunja, kwa sababu kabichi hazina kanuni. Lakini sikukubali kwa kulazimishwa peke yake, na hili ningependa vijana walielewe. Nilimtazama yule mwanamume mwenye magunzi miguuni nikaona ameuliza swali ambalo mimi nilipokuwa na ufagio sikuwa na akili ya kuliuliza. Mtu anayeuliza biashara inauzwaje, badala ya kuuliza inalipa kiasi gani, huyo tayari ni mwenzako.

Tulikwenda wote wawili kwa Mama Upendo kumweleza kabla ya kufanya. Aliacha jembe kwa mara ya kwanza.

"Salehe, nani atafungua mlango?"

"Mimi."

"Siku utakayoumwa?"

"Mama yangu. Naye alichimba, alikuwa nyuma yangu anatoa majani. Hukumtaja."

Mama Upendo akafikiri. "Kweli alikuwepo," akasema. "Haya. Nisimkute huyu wa Soni ameshika mlango."

Jumatano ile maji yaliingia. Hoho karibu zote zilikufa. Nyanya ziliokoka nusu, kabichi nyingi zikainua shingo. Nilikwenda kwa kila mkulima mwenye oda nikamwambia ukweli kamili, kiasi gani nitampa na kiasi gani sitaweza, na waliopungukiwa niliwaelekeza kitalu kingine Malindi, nikiwapigia simu mimi mwenyewe kule. Niliwapoteza wachache. Wengi walirudi msimu uliofuata, nadhani ni kwa kutaka kuona mambo yameishia wapi.

Mwaka uliofuata siku ya mfereji nilifunga mashine ya Soni, nikaenda na jembe langu. Mgeni huanzia mkiani, chini kabisa, ambako matope ya wote yanaishia. Watu walinipa maneno mengi. Mmoja aliniuliza kama mikono hii ni yangu au nimeituma. Nilichimba mpaka mwisho, nikakaa, nikala makande, na majina yalipotajwa nikasikia langu likiwekwa Jumamosi. Nimeshaandikiana mikataba mbele ya watu wenye mihuri mikubwa. Hakuna iliyonifanya nikae wima kama siku ile.

Kwa Jumatano na Jumamosi kitalu kikapanuka. Salehe alikuwa mgumu wa kuamka lakini hasahau kitu, na baada ya misimu kadhaa nusu yake ikatimia. Tukaanza kununua pamoja. Tulinunua duka la pembejeo la mtu aliyekuwa anaumwa, kisha karakana ya seremala hapa Lushoto mjini. Kwenye karakana ndipo nilipoona amenipita. Mimi nilikuwa na kigoda, natazama wateja. Yeye alizunguka nyuma akauliza mbao zinatoka kwa nani, msumeno mkubwa ni wa nani, umeme unatoka kwenye mita ya nani. Mita ilikuwa ya jirani, na jirani alimwachia seremala umeme kwa udugu wa kubatizwa pamoja. Tulimwendea jirani kwanza. Tangu hapo utaratibu wetu ulibadilika: kabla ya bei, tulitafuta nani anaisaidia biashara hii bila kuandikwa popote, na tulimwomba muuzaji atupeleke kwake kwa miguu yake. Muuzaji akisita hapo, tuliondoka. Hatukununua vyote vilivyofaa. Tulinunua pia kiwanda kidogo cha mikate ambacho hakikufaa, nacho sina la kukisema zaidi ya kwamba sisi wawili hatujui mikate.

Sasa nami magoti yamefika yalipofika ya Bi Zaina. Mashine nimemuuzia dada anayeiendesha, kwa njia ya jasho, na nimemzungusha. Nusu yangu ya kitalu nimemuuzia Salehe na mkewe Amina. Tulibishana bei muda mrefu, kibarazani kwao.

"Mzee, unaniuzia kitalu kwa bei ya mtu wa Dar," Salehe alilalamika.

"Mtu wa Dar alikuja. Alitoa zaidi."

"Kwa nini hukumpa?"

"Nilimwambia siku ya kuchimba mfereji, akasema atatuma mtu."

Amina alicheka mpaka akaweka chini mtoto. Kisha akauliza jambo ambalo sote wawili tulikuwa tunalizunguka. "Na Jumamosi?"

Jumamosi ilikuwa yangu. Sikuweza kuiuza na sikuweza kuitoa. Njia ilikuwa moja tu: mwaka huu nisichimbe, zamu yangu ife, na Amina achimbe kipande changu, ili siku ya kipande hicho itajwe kwa jina lake. Bila maji ya Jumamosi kitalu kingerudi nusu ya ukubwa wake, na wao walikuwa wanakinunua kizima. Kila kitu nilichowauzia kilitegemea mimi kukaa bila kufanya kitu kwa siku moja. Niliahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi kuitoa.

Siku hiyo ilikuja mwezi uliopita. Wasiochimba wanaruhusiwa kuleta chakula, kwa hiyo nilipanda na sufuria ya makande nyuma ya pikipiki na kukaa juu ya ukingo. Salehe alikuwa kule juu kwenye banio na wanaume wengine. Chini yangu, kwenye kipande ambacho nimekichimba kwa miaka yote hiyo, alikuwa Amina, kanga imefungwa kiunoni, anapambana na jiwe ambalo kila mvua hulirudisha mferejini. Alikuwa analisukuma kwa upande usio wenyewe. Jiwe lile nalijua. Likisukumwa kushoto linatoka peke yake.

Mama Upendo akapita, amezeeka sasa, bado ana jembe.

"Baba Neema, umekuja kutusimamia?"

"Nimeleta makande."

"Jembe la akiba lile pale. Chimba hata kidogo, upate joto. Jina lako bado nalikumbuka."

"Ahsante. Leo ni makande tu."

"Na mikono umeiuza pia?" akasema mtu kutoka mferejini, wakacheka mstari mzima.

Niliiweka mikono nyuma. Amina alilisukuma jiwe kulia, likarudi. Akasukuma tena. Akasimama, akafuta jasho, akanitazama juu. Ningeweza kusema neno moja. Nikatazama milima upande wa pili. Nilisikia jembe likigonga, kisha kimya, kisha jembe tena kwa mlio mwingine, na nilipogeuka alikuwa amechimba chini ya jiwe badala ya kulisukuma, nalo likaporomoka lenyewe, na maji yaliyokuwa yametuama nyuma yake yakaanza kutembea. Mimi sikuwahi kufikiri kuchimba chini yake.

Kazi ilipoisha watu walikaa kwenye majani na Mama Upendo akasimama kutaja majina, kwa kichwa kama kawaida yake, siku baada ya siku. Jumatano, Salehe. Kisha wa Alhamisi na wa Ijumaa. Alipofika Jumamosi alinitazama kidogo, nami nikainamia sufuria.

"Jumamosi," akasema, "Amina."

Nikachukua upawa nikaanza kugawa, nikianza na waliotoka mkiani.